Utatuzi wa matatizo ya patisheni na voliumu za LVM kwenye seva za Linux

Matatizo mengi ya diski yanayoripotiwa kwenye seva za Linux hayatokani na ubovu wa diski. Chanzo chake ni maamuzi yaliyofanywa siku seva iliposakinishwa: kila saraka ilipewa nafasi kiasi gani, ni mfumo upi wa faili uliochaguliwa, na kama kuna nafasi yoyote iliyobakizwa bila kugawiwa. Maamuzi hayo hukaa kimya kwa miezi mingi, kisha hujitokeza kama ujumbe kwamba nafasi imekwisha, au kama seva isiyomaliza kuwaka.

Kwa sababu hiyo, anayetafuta chanzo asianze kwa kufuta faili wala kwa kuongeza diski. Aanze kwa kusoma matabaka ya uhifadhi kutoka chini kwenda juu. Diski hubeba patisheni, yaani vipande vilivyokatwa juu yake. Patisheni husajiliwa na LVM (Logical Volume Manager, mfumo wa Linux wa kugawa uhifadhi) kuwa voliumu halisi. Voliumu halisi moja au zaidi huunda kundi la voliumu. Kundi hukatwa kuwa voliumu za kimantiki. Na juu ya kila voliumu ya kimantiki hukaa mfumo wa faili, ambao ndio pekee unaoonekana na programu. Nafasi inaweza kukwama katika tabaka lolote kati ya hayo, na tiba ya tabaka moja haifai kitu ikiwa tatizo liko katika jingine. Amri zifuatazo husoma tu, hazibadilishi chochote:

```
lsblk -o NAME,SIZE,TYPE,FSTYPE,MOUNTPOINT
pvs
vgs
lvs -a -o +devices
df -hT
df -i
```

Matokeo yake yahifadhiwe mahali nje ya seva yenyewe kabla ya kuendelea. Mara nyingi jibu huonekana hapo hapo: safu ya VFree katika `vgs` hueleza kama kundi lina nafasi ya kutoa, na tofauti kati ya ukubwa wa diski katika `lsblk` na ukubwa wa voliumu halisi katika `pvs` huonyesha kama nafasi imekwama chini.

## Dalili: programu zinalalamika kwamba nafasi imekwisha, lakini faili hazionekani kuwa nyingi

Hii ndiyo dalili yenye vyanzo vingi zaidi, na inastahili subira. Msimamizi huendesha `du`, hujumlisha saraka zote, hupata gigabaiti 18, ilhali `df` inasisitiza kwamba gigabaiti 40 zote zimetumika. Amri zote mbili zinasema kweli, ila hazipimi kitu kimoja. `du` hutembea katika majina ya faili na kujumlisha ukubwa wake. `df` huuliza mfumo wa faili ni bloku (vipande vya nafasi) ngapi zimeshikwa.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni faili iliyofutwa wakati mchakato fulani bado umeifungua. Jina limeondoka, kwa hiyo `du` haiioni, lakini bloku zake hazirudishwi hadi mchakato wa mwisho unaoishika uifunge. Faili za logi ndizo zinazoongoza kwa tabia hii: mtu ameona logi imevimba, akaifuta kwa `rm`, na huduma inaendelea kuandika ndani ya faili isiyo na jina. Amri `lsof +L1` huorodhesha faili za aina hiyo pamoja na namba za michakato inayozishika. Kuianzisha upya huduma husika huirudisha nafasi mara moja. Ikiwa huduma haiwezi kusimamishwa wakati huo, faili inaweza kukatwa kupitia njia yake ndani ya `/proc`, kwa mfano `: > /proc/2214/fd/7`, ambapo namba ya kwanza ni ya mchakato na ya pili ni ya faili iliyofunguliwa, zote zikisomwa kutoka kwenye orodha ya `lsof`.

Chanzo cha pili ni faili zilizofunikwa. Voliumu mpya inapopachikwa juu ya saraka ambayo tayari ilikuwa na data, data ile ya zamani haifutwi. Inabaki katika mfumo wa faili wa chini, ikila nafasi bila kuonekana. Hutokea hasa pale `/var` inapohamishiwa kwenye voliumu yake baada ya seva kuwa kazini, au pale kazi ya kunakili nakala rudufu inapoandika ndani ya `/backup` usiku ambao voliumu ya nakala haikupachikwa. Kuichunguza ni rahisi na hakuhitaji kusimamisha huduma yoyote:

```
mount --bind / /mnt
du -xh --max-depth=2 /mnt | sort -h | tail
umount /mnt
```

Kupitia `/mnt` mzizi (`/`, saraka ya juu kabisa) huonekana bila vitu vilivyopachikwa juu yake, na kilichofichwa hujitokeza.

Chanzo cha tatu ni kuisha kwa inodi, yaani rekodi ambazo kila faili huhitaji moja ili iwepo. Hapa `df -h` huonyesha nafasi tele, lakini kuunda faili mpya kunakataliwa. `df -i` ndiyo inayofichua kwamba matumizi ni asilimia 100. Mfumo wa ext4 huweka idadi ya inodi siku unapoumbwa, kwa kawaida inodi moja kwa kila kibibaiti 16, kwa hiyo voliumu ya GiB 100 hupata takriban inodi milioni 6.5 na haiongezewi bila voliumu yenyewe kukuzwa. Seva za barua pepe, hifadhi za vikao vya tovuti na akiba za vijipicha huzimaliza upesi kwa sababu faili zake ni ndogo mno. Kufuta faili zisizohitajika hutoa nafuu ya muda. Tiba ya kudumu ni kukuza voliumu, ambapo inodi huongezeka kwa uwiano uleule, au kuhamishia data kwenye XFS, mfumo mwingine wa faili ambao huunda inodi kadiri zinavyohitajika.

Chanzo cha nne si kosa. ext4 hutenga asilimia 5 ya bloku kwa ajili ya mtumiaji mkuu, ili michakato ya mfumo iendelee kufanya kazi hata watumiaji wa kawaida wanapoimaliza nafasi. Katika mzizi, tahadhari hiyo inafaa na isiguswe. Katika voliumu ya data ya TiB 2, asilimia hiyo ni zaidi ya GiB 100 zilizokaa bure, na `tune2fs -m 1` hurudisha sehemu kubwa yake bila kusimamisha chochote.

## Dalili: diski ni kubwa, lakini mfumo wa faili unaonyesha sehemu yake tu

Ikiwa pengo ni dogo, kama vile diski ya terabaiti 1 kuonekana kama GiB 931, hakuna kilichopotea: mtengenezaji huhesabu kwa elfu, na Linux huhesabu kwa 1024.

Pengo la karibu nusu ni jambo jingine. Kisakinishi cha Ubuntu Server, mtu anapochagua LVM na kukubali mapendekezo yote, hakiupi mzizi kundi zima. Kwa diski ya kati ya GiB 20 na 200 hutoa takriban nusu, na kwa kubwa zaidi ya hapo husimama kwenye GiB 100. Wengi huliona hili kuwa hitilafu. Kwa maoni yangu ndiyo tabia bora zaidi miongoni mwa visakinishi vilivyozoeleka, kwa sababu nafasi iliyobaki katika kundi inaweza kwenda popote, ilhali iliyokwisha kutolewa ni vigumu kuirudisha. Inapohitajika, huongezwa seva ikiwa kazini:

```
lvextend -r -L +30G /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv
```

Herufi `-r` huukuza mfumo wa faili pamoja na voliumu; bila hiyo voliumu hukua, lakini `df` hubaki palepale, na mtu huendelea kuamini kwamba amri haikufanya kazi. Alama ya kujumlisha nayo ina uzito wake: `-L +30G` humaanisha ongeza GiB 30, na `-L 30G` humaanisha ukubwa wote uwe GiB 30. `lvextend` hukataa kupunguza, lakini `lvresize` haikatai, na ndiyo sababu inafaa kutumia `lvextend` kila inapokusudiwa kukuza.

Pengo la tatu hujitokeza pale diski ya mashine pepe inapokuzwa kutoka upande wa mfumo mwenyeji. Hapo kuna matabaka manne ya kusukuma, moja baada ya jingine. Kwanza kerneli (kiini cha Linux) ifahamishwe ukubwa mpya, ikiwa haijautambua yenyewe, kwa `echo 1 > /sys/class/block/sda/device/rescan`. Kisha patisheni ikuzwe kwa `growpart /dev/sda 3`, ambapo nafasi kati ya jina la diski na namba ya patisheni ni ya lazima. Kisha `pvresize /dev/sda3`, na mwisho `lvextend -r`. Anayeruka hatua moja atakwama katika inayofuata bila ujumbe wa kueleweka: `lvextend` itasema tu kwamba kundi halina ekstenti (vipande vya nafasi ambavyo LVM hugawa) za kutosha.

`growpart` ikikataa, sababu ni mojawapo ya mbili. Ya kwanza ni kwamba patisheni inayotakiwa kukua si ya mwisho katika diski, pengine kwa sababu swapu (nafasi ya diski inayosaidia kumbukumbu) iliwekwa mkiani. Swapu inaweza kuzimwa, patisheni yake ikaondolewa, kisha ikaundwa upya kama voliumu ya kimantiki, bila kusahau kurekebisha `/etc/fstab`. Ya pili ni MBR, jedwali la zamani la patisheni, ambalo kwa sekta za baiti 512 haliwezi kueleza zaidi ya TiB 2. Kugeuza MBR kuwa GPT, aina mpya ya jedwali hilo, kunawezekana kwa `sgdisk`, lakini kwa seva inayowaka kwa BIOS kunadai pia patisheni ndogo ya MiB 1 ya aina ya BIOS boot ili GRUB, programu ya kuwasha mfumo, ipate pa kukaa, na nafasi yake mara nyingi haipo. Njia tulivu zaidi ni kuongeza diski ya pili yenye GPT, kuisajili kama voliumu halisi, na kuiingiza kwenye kundi kwa `vgextend`.

## Dalili: mzizi umejaa, `/home` ni tupu

Kwa miaka mingi mgawanyo wa kiotomatiki wa kisakinishi cha Red Hat na ndugu zake umekuwa ukiupa mzizi kiasi chenye kikomo na kumwaga kilichobaki kwenye `/home`. Mpango huo unafaa kompyuta ya watumiaji. Kwenye seva inayohifadhi hifadhidata na kontena chini ya `/var`, mzizi hujaa huku `/home` ikilala na mamia ya gigabaiti.

Ugumu ni kwamba tangu toleo la 7 la mwaka 2014 mfumo wa faili wa kawaida huko ni XFS, ambao hukuzwa kwa urahisi lakini haupunguzwi kwa namna ya kutegemewa kazini. Kwa hiyo hakuna amri ya kuinyang'anya `/home` nafasi. Data yake inakiliwa pembeni kwa `xfsdump` au `rsync`, nakala inathibitishwa, voliumu inaondolewa kwa `lvremove`, inaundwa upya ikiwa ndogo, data inarudishwa, na ndipo mzizi unapokuzwa. Kazi yote ifanyike watumiaji wakiwa nje, na kwa kuingia kama mtumiaji mkuu ambaye saraka yake haimo ndani ya `/home`.

ext4 inaruhusu kupunguzwa ikiwa imepachuliwa, na hapo ndipo data nyingi hupotelea. Mpangilio sahihi ni kupunguza mfumo wa faili kwanza, voliumu baadaye. `lvreduce -r` huufuata mpangilio huo yenyewe, ikiwa ni pamoja na ukaguzi wa awali. Mtu aliyetumia `lvreduce` bila `-r` atakutana na mfumo wa faili usiopachikika, ukilalamika kwamba idadi ya bloku ndani ya bloku kuu (superblock, inayohifadhi maelezo ya mfumo wa faili) inazidi ukubwa wa kifaa. Kosa baya zaidi katika hali hiyo ni kuendesha `e2fsck` na kujibu ndiyo kwa kila swali. LVM haijafuta data yoyote; imebadilisha ramani tu, na ramani ya awali imehifadhiwa katika `/etc/lvm/archive`. Ikiwa hakuna voliumu nyingine iliyoundwa au kukuzwa tangu wakati huo, ramani inarudishwa hivi:

```
vgcfgrestore --list vg0
lvchange -an vg0/data
vgcfgrestore -f /etc/lvm/archive/vg0_00042-1234567890.vg vg0
lvchange -ay vg0/data
e2fsck -fn /dev/vg0/data
```

Kila faili katika orodha hueleza iliandikwa kabla ya amri ipi, na inayotakiwa ni ile iliyotangulia kupunguza. Herufi `-n` katika mstari wa mwisho huhakikisha ukaguzi hauandiki chochote. Tahadhari: ikiwa kundi lina voliumu za thini, zinazoelezwa katika sehemu inayofuata, amri hii isitumike hivi hivi, kwa kuwa hazina ya thini ina ramani yake ya ndani isiyorudi nyuma pamoja na ile ya LVM.

## Dalili: maandishi yanakwama kwa muda, kisha voliumu kadhaa hugeuka za kusomwa tu

Voliumu kadhaa zikigoma kwa pamoja, ilhali `df` inaonyesha kila moja ina nafasi, hazina ya thini ishukiwe kabla ya kitu kingine. Voliumu za thini huahidiwa ukubwa fulani na kupewa bloku pale tu zinapoandikwa, kwa hiyo jumla ya ahadi inaweza kuzidi kilichopo. Hazina inapojaa, maandishi husubiri kwa sekunde 60 kwa mpangilio wa kawaida, kisha hurudishiwa makosa. Ext4 kwa kawaida hujigeuza ya kusomwa tu, na XFS inaweza kujifunga kabisa.

```
lvs -a -o lv_name,lv_size,data_percent,metadata_percent
```

Safu mbili za asilimia ziangaliwe zote, kwa maana hazina inaweza kuwa na nafasi ya data huku sehemu ya metadata imejaa, na kujaa kwa metadata ndiko kunakoumiza zaidi. Data huongezwa kwa `lvextend -L +20G vg0/pool`, metadata kwa `lvextend --poolmetadatasize +1G vg0/pool`. Zote zinahitaji nafasi huru katika kundi, na ikiwa kundi lilimalizwa siku ya usakinishaji, njia iliyobaki ni kuongeza diski. `fstrim` nayo hurudisha bloku za faili zilizokwisha kufutwa, ambazo hazina haijui kwamba hazitumiki tena.

Wengi hudhani LVM itajikuza yenyewe. Katika `lvm.conf` thamani ya kawaida ya `thin_pool_autoextend_threshold` ni 100, maana yake haijikuzi kamwe. Ikiwekwa 80, hazina huongezwa inapofika asilimia 80, mradi kundi lina cha kutoa na huduma ya uangalizi ya dmeventd inafanya kazi.

Snapshoti (picha za voliumu kwa wakati fulani) za kawaida, zisizo za thini, zina dalili yake: eneo lake likijaa, snapshoti hubatilika, lakini voliumu ya asili haidhuriki. Aliyeitegemea kama nakala rudufu ndiye anayepoteza. Pia kila inapobaki hai hupunguza kasi ya kuandika, hivyo iundwe, nakala ichukuliwe, na iondolewe siku hiyo hiyo.

## Dalili: seva haimalizi kuwaka

Ikiwa skrini inasubiri kwa dakika moja na nusu kisha inaingia hali ya dharura, `/etc/fstab` ina mstari unaotaja kifaa kisichokuwapo. Sekunde 90 ndio muda wa kawaida wa systemd, programu inayoanzisha huduma za seva, kungoja kifaa. Majina kama `/dev/sdb1` hubadilika diski inapoongezwa, kwa hiyo patisheni za kawaida zitajwe kwa UUID (kitambulisho cha kipekee) na voliumu za LVM kwa njia yake ya `/dev/mapper`. Voliumu ambayo seva inaweza kuishi bila hiyo iongezewe `nofail`. Kila mabadiliko ya faili hiyo yakaguliwe kwa `findmnt --verify` na `mount -a` kabla ya kuzima seva.

Ikiwa seva inasimama mapema zaidi, katika kidokezo cha initramfs (mfumo mdogo wa muda unaoutafuta mzizi wakati wa kuwaka) au cha dracut (zana inayouunda kwenye Red Hat), mzizi wenyewe haujapatikana. Chanzo cha kawaida ni kundi au voliumu iliyopewa jina jipya bila vigezo vya kerneli na initramfs kufuatishwa. Amri `lvm vgchange -ay`, kisha `exit`, mara nyingi huiwezesha seva yenye initramfs ya Debian au Ubuntu kuendelea. Kwenye dracut kigezo `rd.lvm.lv` hurekebishwa kwanza katika menyu ya GRUB. Seva ikishawaka, usanidi wa GRUB hutengenezwa upya pamoja na `update-initramfs -u` au `dracut -f`.

`/boot` iliyojaa hukatiza usakinishaji wa kerneli katikati na kuacha initramfs pungufu. Kerneli za zamani ziondolewe kwa kidhibiti cha vifurushi, si kwa `rm`. GiB 1 inatosha kwa kazi hiyo; chini ya MiB 500 ni kuutafuta usumbufu.

## Dalili: kundi linakataa kuamka

Ujumbe wa voliumu halisi iliyokosekana humaanisha diski imetoka, au LVM haijaruhusiwa kuiona. Katika Red Hat Enterprise Linux 9 na jamaa zake diski iliyohamishwa kutoka seva nyingine haionekani hadi isajiliwe kwa `lvmdevices --adddev`, na hilo lichunguzwe kabla ya kulaumu nyaya. Ikiwa diski imekufa kweli, `vgchange -ay --activationmode partial` huamsha hata voliumu zilizopungukiwa ili kilichosalia kinakiliwe. Voliumu ya kawaida iliyotandazwa juu ya diski mbili bila RAID hupotea ikikosa mojawapo. LVM huunganisha nafasi, haiilindi.

Ujumbe wa voliumu halisi pacha hufuata mara nyingi kuunganishwa kwa nakala ya diski kwenye seva ile ile. `vgimportclone` huipa nakala vitambulisho vipya. Lakini ikiwa diski ni ya hifadhi ya mtandao yenye njia kadhaa, pacha hao ni kifaa kimoja kinachoonekana mara mbili, na tiba ni kusanidi multipath. `vgimportclone` hapo itaharibu.

## Mgawanyo unaozuia sehemu kubwa ya haya

Kwa seva ya kawaida yenye diski ya GiB 200 ninapendekeza GPT, patisheni ya EFI ya MiB 512, `/boot` ya GiB 1, na kilichobaki chote kiwe voliumu halisi moja mkiani mwa diski. Ndani ya kundi, mzizi upewe GiB 25, `/var` GiB 30, `/var/log` GiB 10, swapu GiB 4, na huduma kuu ya seva ipate voliumu yake, iwe `/var/lib/docker` au saraka ya hifadhidata, ikianza na GiB 60. Zaidi ya GiB 60 zibaki bila mwenyewe.

Kutenganisha `/var/log` kuna faida inayoonekana haraka: huduma iliyopagawa ikimwaga logi usiku kucha, hujaza voliumu yake na kuiacha hifadhidata ikiandika. Kutenganisha `/tmp` kwa `noexec`, inayozuia programu kutekelezwa humo, kuna faida ya usalama, ila baadhi ya visakinishi hutekeleza hati zake humo na vitashindwa kwa ujumbe wa ruhusa usiotaja `/tmp`.

Kati ya ext4 na XFS, swali la kuamulia si kasi. Voliumu ambayo huenda ikahitaji kupunguzwa siku moja iwe ext4. Ile itakayokua tu, yenye faili nyingi zisizotabirika, iwe XFS. Na kila baada ya mabadiliko ya kundi, nakala ya `/etc/lvm/backup` na `/etc/lvm/archive` ipelekwe nje ya seva, kwa sababu saraka hizo hukaa ndani ya mzizi ambao nao, mara nyingi, ni voliumu ya kundi lile lile.